Maziwa “mazito”

Tukiyasifu maziwa yenye malai mengi huyaita mazito, na neno hilo linatupotosha. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ndiyo maana malai huelea juu ya sufuria. Ukiyaengua, laktomita, chombo cha kupimia uzito wa maziwa, itaonyesha kwamba maziwa yaliyobaki ndiyo mazito zaidi. Atakayesema kwamba uzito huu ni wa ulimini, si wa mizani, ana hoja, lakini uzito wa namna hiyo hata unga huuleta. Tunachokitafuta hasa ni mafuta, na mafuta huanzia kwenye nyasi. Tumboni mwa ng'ombe, bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi asetiki, ileile ya siki; damu huipeleka kwenye kiwele, nacho huijenga kuwa mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa kiweleni humo. Mengine huchukuliwa yakiwa tayari damuni, kutoka kwenye lishe na akiba ya mwili. Ndiyo maana mfugaji anayezidisha nafaka na kupunguza majani huweza kukamua lita nyingi zenye mafuta haba. Tuseme basi “maziwa yenye mafuta”, na tumuulize muuzaji ng'ombe wake anakula nini.