Picha Zilibaki, Majina Yakapotea

Wasee wa Isiolo, leo ukipanda gari hapa asubuhi, mchana uko Marsabit, lami tupu. Miaka 100 iliyopita njia hiyo ilikuwa vumbi na mawe, na ndiyo walipita Wamarekani wawili na makamera yao: Martin Johnson na mkewe Osa, kutoka Kansas.

Walikuwa wanaenda juu mlimani Marsabit, kwenye ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno la Gof Sokorte Guda. Wao waliliita Lake Paradise. Walifika 1924, wakajenga nyumba na chumba cha kusafishia filamu palepale msituni. Mmoja wa waliotoa pesa alikuwa George Eastman, yule wa Kodak. Mwaka wa 1928 wakatoa Simba, filamu isiyo na sauti.

Simba inahusu wanyama, lakini ilibidi watu pia wacheke ndio walipe tiketi. Na filamu bila sauti huongea kwa maandishi yanayokatiza picha. Hapo ndipo utani uliwaangukia Waafrika. Unamwona mtu wetu kwenye skrini, anatembea, anabeba mzigo, lakini hana neno lake. Mwingine anamwongelea, tena anamfanya kichekesho.

Sasa cheki hii. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti 2013: filamu ndefu za Marekani za enzi hiyo zilikuwa karibu 11,000, na asilimia 70 zimepotea kabisa. Zilichapwa kwenye nitrati, kitu kinachooza na kushika moto haraka. Mwaka wa 1937 stoo ya Fox kule New Jersey iliteketea na kumaliza filamu nyingi. Tena sauti ilipoingia, nani angetunza za kimya?

Simba ikapona. Martin na Osa wana hadi makumbusho yao, yaliyofunguliwa 1961 huko Chanute, mji wa nyumbani kwa Osa.

Lakini ni nini hasa kilichopona? Sura za watu wa kaskazini zipo, majina karibu yote hayapo. Mmoja wa wanaotajwa vitabuni mwao ni Boculy, bingwa wa kufuata nyayo za ndovu. Bila mtu kama yeye, hao wawili wangepiga picha ya nini?

Ndio maana nikiona klipu ya mzee na ngamia wake, au mama anauza maziwa sokoni, imewekewa muziki na emoji za kucheka, nauliza: huyu anaitwa nani? Manze, mwombe ruhusa, muulize jina, liandike. Halafu weka nakala mahali pengine, kwa sababu simu pia huibiwa.

Kuhifadhi sura bila jina ni kazi nusu. Hiyo nusu tayari tulifanyiwa 1928.