Dagaa wa Ujiji na njaa ya mpagazi

Wadau, habari za Tabora na njia ya misafara tunazozisoma ni zilezile: pembe za ndovu, watumwa na wazungu waliopita. Mimi nina swali la tumbo. Yule mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 na ushee, alikula nini?

Nafaka alipewa kama posho, kwa kibaba. Mboga ajitafutie mwenyewe. Hapo ndipo Ziwa Tanganyika linapoingia. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakakuta soko la samaki, na Burton akaandika hata juu ya dagaa. Dagaa anavuliwa usiku kwa mwanga, zamani mienge ya moto, baadaye karabai. Asubuhi anaanikwa juani. Akishakauka ni mwepesi na haozi upesi, sasa msafiri atake nini tena? Chumvi ilitoka Uvinza, njiani hapohapo. Mawese yaliuzwa Ujiji. Sufuria imekamilika!

Wafaransa wana pishi lao maarufu liitwalo meunière: samaki anapakwa unga wa ngano, anakaangwa kwa siagi, anakamuliwa limau. Tamu, sibishi. Lakini mifupa inabaki pembeni ya sahani. Dagaa unamla mzima, kichwa na mifupa, na kalsiamu iko kwenye mifupa hiyo. Akiwa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mkaange kwa mawese mekundu, unaongeza na kiini cha vitamini A. Halafu mtu anakwambia dagaa ni chakula cha maskini, jamani!

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Misafara ya miguu ikafa, dagaa wakapanda treni.

Kinachonitia wasiwasi ni ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi waliumia, ila mimi naunga mkono, maana ziwa likikauka samaki hakuna treni itakayowaleta. Mama wa Tabora mwenye watoto wanne hanunui nyama kila siku, ananunua dagaa kwa kopo. Kopo likipanda bei anapunguza dagaa sufuriani, ugali unabaki uleule.