Komenjwe na Bwana Msa: Kipimo cha Msomaji wa Meru na Embu katika Riwaya za Mafumbo

Utangulizi

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la riwaya zihesabiwazo kuwa na uzito. Hizo hufundishwa na kuandikiwa tasnifu. Fungu la pili ni la riwaya za upelelezi na za maajabu, ambazo mara nyingi hutolewa kwa mfululizo, shujaa akiwa yule yule kutoka kitabu hadi kitabu. Juu ya hizi husemwa kwamba zimeigwa kutoka Ulaya, na kwamba msomaji wake hana kipimo ila hamu ya kuujua mwisho. Makala haya yanaichunguza hoja hiyo ya pili kwa kuitazama nchi ya Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi zaidi ya kuwa lugha ya mama. Yanadai kwamba msomaji wa huko hakuipokea riwaya ya mafumbo akiwa mikono mitupu. Alikuwa na kipimo, na kipimo hicho kina historia.

Mafumbo ya Mbwaa

Wameru husimulia kwamba wazee wao walikaa zamani mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makuu, wakitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao, wakitafuta kisa cha kuwaangamiza, waliwatega mafumbo. Waliwataka watoe kokwa iliyotumbukizwa katika shimo refu. Walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Ng'ombe atoaye kinyesi cheupe. Na mbwa mwenye pembe. Kila mara mzee mmoja mwenye busara, Komenjwe, alipata jibu. Shimo lilijazwa maji, kokwa ikaelea. Kiatu kilikatwa katika ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Ng'ombe alilishwa kitu cheupe mithili ya chokaa. Mbwa alibandikwa pembe za mnyama mwingine kichwani.

Hatimaye lilikuja fumbo la mwisho: mkuki ufikao mbinguni. Hilo halikuwa na jibu. Watu wakatoroka, wakafika majini, na maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe. Majina hayo yangali yakitaja migawanyiko ya koo za Wameru.

Wataalamu wameyapokea masimulizi haya kila mtu kwa haja yake. Bernardo Bernardi aliyajadili mwaka 1959 katika kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru. J. Forbes Munro, mwaka 1967, alitilia shaka nadharia ya kwamba makabila ya nyanda hizo yalitoka pwani. Jeffrey Fadiman alikitafuta kisiwa chenyewe na kukielekeza Manda, karibu na Lamu. Wengine wameuona uvukaji wa maji kuwa unafanana mno na kitabu cha Kutoka, wakauliza kama Biblia ya wamisionari haikuingia humo. Maswali hayo ni ya haki kwa mwanahistoria. Lakini katika mjadala huo mafumbo yenyewe yamechukuliwa kama makapi ya kupepetwa ili ibaki punje ya ukweli. Kwa historia ya fasihi, mafumbo hayo ndiyo punje.

Kanuni Zilizomo

Atazamaye jinsi masimulizi haya yalivyoundwa ataona kanuni nne. Kwanza, fumbo hutegwa wazi: msikilizaji hupewa yote aliyopewa Komenjwe, naye aweza kujaribu kulifumbua kabla ya mzee huyo. Pili, ufumbuzi hutoka katika vitu vya nyumbani: maji, ngozi, chakula cha mifugo. Tatu, afumbuaye hufumbua kwa ajili ya watu, na thawabu yake ni uhai wao. Nne, nayo ndiyo nzito kupita zote, akili ina mpaka. Komenjwe hajifanyi kwamba mkuki waweza kufuliwa. Busara yake ya mwisho ni kujua kwamba swali hili si swali tena bali ni hukumu, na kwamba jibu lake ni kuondoka.

Huko Embu nako husimuliwa habari za Mwenendega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Mzee huyo alimkuta mtoni mwanamke mzuri asiyejulikana alikotoka, akamwoa, na katika uzao wao Waembu huona asili yao. Hapa fumbo halifumbuliwi kamwe. Mwanamke hukubaliwa pamoja na siri yake. Hivyo msikilizaji wa Meru na Embu amezoea mambo mawili ambayo riwaya ya Ulaya huyatenga: fumbo la kufumbuliwa na ajabu la kuachwa.

Riwaya Zapanda Mlimani

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la hadithi la Shirika la Uandishi la Afrika Mashariki mwaka 1957–58. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitolewa na shirika hilo mwaka 1960, na ndani yake akazaliwa Bwana Msa, mwenye kiko na rafiki yake Najum. Vilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Shirika hilo hilo ndilo lililochapisha mwaka 1974 masimulizi ya wazee wa Embu yaliyokusanywa na H.S.K. Mwaniki. Basi nyumba moja ilitoa mafumbo ya Unguja na masimulizi ya Embu, ila yakapangwa rafu mbalimbali: haya yakaitwa historia, yale yakaitwa burudani.

Msomaji aliongezeka baadaye. Tume ya Mackay ilipendekeza mwaka 1981 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985. Kabla ya hapo kijana wa Meru au Embu aliweza kumaliza sekondari pasipo kuisoma riwaya hata moja ya Kiswahili.

Riwaya Mizanini

Zikipimwa kwa kanuni za Komenjwe, riwaya hizi hazilingani. Mzimu wa Watu wa Kale unasimama imara. Maiti imekutwa mahali pa kuogopwa, na watu wako tayari kuulaumu mzimu; Bwana Msa anaonyesha kwamba aliyeua ni mwanadamu. Hata hivyo Bwana Msa huivunja kanuni ya kwanza: mara nyingi huvuta kiko akanyamaza, na aliyoyaona huyatoa mwishoni. Katika vitabu vya baadaye siri za ndoa na nasaba hushika nafasi ya uhalifu, na sadfa hubeba mzigo ambao akili ingepaswa kuubeba.

Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, anaitimiza kanuni ya tatu kwa sauti kubwa, kwani anawapigania Waafrika dhidi ya maadui wa ukombozi. Lakini anaidharau ya pili. Penye fumbo yeye hutumia bastola, na msomaji hana la kufumbua.

Aliyemkaribia Komenjwe zaidi ni Katama Mkangi katika Walenisi (1995). Dzombo anahukumiwa kufa ndani ya chombo cha kurushwa angani. Anajifunza kukiendesha, naye anafika nchi ambayo jina lake, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi". Hukumu imegeuzwa njia. Mkangi, ambaye aliwekwa kizuizini mwaka 1986, alijua vema serikali inapotega swali lisilo na jibu.

Hitimisho

Si kweli, basi, kwamba msomaji wa riwaya hizi hutawaliwa na hamu ya mwisho tu. Asemaye kwamba Bwana Msa "ameficha", au kwamba Gamba "hakufikiri", ametoa hukumu ya kihakiki, na hukumu hiyo ina mizizi mirefu kuliko riwaya yenyewe. Kosa la wahakiki limekuwa kuwapimia waandishi hawa kwa Sherlock Holmes peke yake, ilhali mlimani palikuwa na mpimaji mwingine. Kwa kipimo cha huyo, kuujua mwisho wa fumbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutambua lini anayeuliza hataki jibu, na watu waondoke usiku ule ule.