Mkaratusi: Mgeni Aliyegeuka Mwenyeji



Nilipokuwa mtoto, mafua yaliponibana bibi alichemsha majani ya mkaratusi katika chungu, akaniketisha kwenye kigoda na kunifunika blanketi gubigubi. Jasho lilinitoka, pua ikazibuka. Bibi akisema hiyo ndiyo dawa ya wazee wetu.

Leo nataka kumsahihisha bibi kidogo, kwa heshima zote. Kujifukiza ni kwa wazee wetu. Mkaratusi si wao. Jina lenyewe latoa siri, kwani limetokana na neno la kigeni, "eucalyptus". Asili ya mti huu ni Australia, ambako Joseph Bosisto alianza kutoa mafuta yake kwa biashara katika miaka ya 1850. Wazungu wa karne ile waliodhani malaria huletwa na hewa mbaya ya vinamasi waliupanda ili ukaushe ardhi. Kwetu Afrika Mashariki ulikuja na ukoloni. Kenya uliletwa mwaka 1902, zitafutwe kuni za kuendeshea garimoshi.

Hakuna aliyeuleta kwa ajili ya chungu cha bibi. Ni akina bibi wenyewe walioutia chunguni, pamoja na kivumbasi na mchaichai. Na korona ilipoingia mwaka 2020, Watanzania wengi walikirudia chungu hicho, viongozi wakihimiza.

Sasa nisikilize vizuri. Mdogo wangu alikohoa miezi mitatu, nasi tukimfukiza. Kila jioni alipata nafuu, kila asubuhi kikohozi kikarudi. Alipopimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu. Alitumia dawa miezi sita akapona, lakini alikuwa amekwisha kumwambukiza mwanawe.

Mvuke wa mkaratusi huleta nafuu puani. Hauui vijidudu vya kifua kikuu, vile alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882. Sisi tuliichukua nafuu tukaiita uponyaji.

Chungu cha bibi tusikitupe. Tukiweke mbali na watoto wadogo, maana maji ya moto huunguza, na mafuta ya mkaratusi wasiyanywe, ni sumu. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, twende zahanati tukapimwe.

Bibi aliupokea mti wa kigeni alipoona unamfaa. Nasi tusikione kipimo cha makohozi kuwa kigeni.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.