Amri na Sauti: Njia Mbili za Simu

Unapopiga simu, mpenzi msikilizaji, husafiri vitu viwili: sauti yako, na amri zinazoitafutia njia. Historia ya mitambo ya simu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuvitenga viwili hivyo.

Nchini Marekani, hadi miaka ya 1970, simu za masafa marefu zilipitisha amri na sauti katika njia moja. Mlio wenye mitetemo 2600 kwa sekunde uliiarifu mitambo ya AT&T kwamba njia i tupu. Vijana wakagundua kuwa filimbi ya plastiki, zawadi iliyotiwa ndani ya boksi la nafaka za Cap'n Crunch, ilitoa mlio huo huo! Kwa mlio huo, na kwa visanduku vya kielektroniki walivyojiundia, walipiga simu za mbali bila kulipa. Mtambo haukuweza kutofautisha amri ya mwenye mali na ya mwizi.

Mwaka 1976 AT&T ilianza kuzihamishia amri kwenye njia yake ya pekee. Filimbi zikapoteza nguvu, lakini zikazuka hatari nyingine. Tarehe 15 Januari 1990, swichi moja jijini New York ilijizima, ikarejea kazini, ikazitumia jirani zake taarifa kwamba imepona. Kutokana na kosa dogo katika programu, taarifa hiyo ndiyo iliyowaangusha jirani. Nao walipopona wakaangusha wengine. Swichi 114 ziliyumba kwa muda wa saa 9 hivi.

Hata hivyo wazo la kutenga halikufa. Mwaka 2008 Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipendekeza OpenFlow: swichi zibebe tu, uamuzi utolewe na programu iliyo kando. Katika simu za mkononi za kizazi cha 4, lango lile lile lilibeba data na kushughulikia amri. Viwango vya 3GPP vya mwaka 2017 vikaruhusu kuyatenga majukumu hayo, na kizazi cha 5 kikajengwa hivyo tangu mwanzo.

Umuhimu wake ulionekana Kanada tarehe 8 Julai 2022. Kitovu cha mtandao wa kampuni ya Rogers kilianguka, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma; wengine walishindwa hata kupiga namba ya dharura. Mafundi nao walichelewa kukifikia, kwa kuwa mtandao wa kuisimamia mitambo ulipita katika kitovu kile kile kilichoanguka.