Foklifti, paleti na gunia la mahindi la Likuyani

Wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo tuongee habari za foklifti. Hapa Likuyani, Kakamega, mahindi yakishavunwa na kukaushwa, lori hupakiwa kwa mabega: vijana, ubao wa kupandia na magunia ya kilo 90. Mbona mashine yenye umri wa miaka mia haijafika kwenye stoo zetu? Wengi watasema ni pesa. Mimi nasema shida ya kwanza ni gunia lenyewe.

Mwaka 1917 kampuni ya Clark ya Michigan, Marekani, ilitengeneza kigari cha injini, Tructractor, cha kubebea vitu ndani ya kiwanda chake. Mwaka 1923 Yale wakatoa gari la umeme lenye meno ya chuma na mlingoti wa kupandisha mzigo. Lakini foklifti ilienea hasa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilipopanga shehena zake juu ya paleti, zile mbao zenye nafasi ya kuingiza meno. Paleti ndiyo siri yote. Sisi watu wa kompyuta tungeiita fomati: mashine haijali juu kuna sabuni au mbolea, mradi nafasi ya meno ni ileile.

Foklifti ya kawaida ina uzito wa chuma nyuma ili isipinduke. Ya dizeli ni ya uwanjani, ya umeme ni ya ndani kwa sababu haina moshi. Ghala lenye rafu ndefu na njia nyembamba hutaka ile inayosukuma meno mbele kufikia rafu, na hiyo bila sakafu laini ni hasara tupu. Halafu kuna kigari cha mkono: unapampu mpini, paleti inanyanyuka sentimita chache, unavuta. Bandarini Mombasa kuna madude yanayoinua kontena zima!

Sasa piga hesabu. Magunia 11 ni kilo 990, paleti moja. Foklifti ndogo huinua mara moja, mabega huenda safari 11. Lakini gunia likifika bila paleti, lazima mtu alibebe kulipanga na tena kulishusha. Jirani zetu Moi's Bridge, zamani Hoey's Bridge, bodi ya nafaka NCPB ina silo: mahindi hupandishwa kwa mitambo, kisha hushuka kwa uzito wake. Hapo gunia halihitajiki kabisa.

Na migongo je? Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima. Sisi tuko 90.

Kama chama chenu kina stoo ya saruji, msikimbilie foklifti. Nunueni paleti chache na kigari cha mkono, kisha mbaneni mnunuzi akubali gunia la kilo 50.