Kipenyo na Ulinganifu: Bunduki za Njia ya Elgon

Wanaosimulia bunduki za kale huanza na unene wa mtutu, kana kwamba risasi nzito ndiyo iliyoamua nani atawale nchi iliyopo kati ya Bungoma na Kitale. Kwa maoni yangu, lililoamua ni iwapo risasi ya pili ilifanana na ya kwanza. Mwenye gobori alikuwa mtengenezaji wa kila mlio wake: alimimina baruti kwa kipimo chake, akashindilia kwa mdeki, akalenga. Baruti ikizidi au ikishika unyevu, risasi ilipotoka hata kama mkono ulitulia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha gobori na baruti ya kawaida viuzwe kwa kibali. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini tokeo lake lilikuwa kwamba ulinganifu ulibaki mikononi mwa dola.

Mtu atasema Wabukusu, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa na bunduki nzuri zilizotoka kwa misafara na askari, na bado wakashindwa na Waingereza katika mapigano ya Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Ni kweli, ila bunduki ya kisasa bila risasi za aina yake ni fimbo. Upande wa C. W. Hobley, ofisa wa Waingereza, ulikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim, na silaha hiyo ndiyo ushahidi wangu mkubwa: haifanyi kazi ila kila risasi iwe na vipimo vya mwenzake, kwani moja mbovu huikwamisha. Kabla ya kuua, ilihitaji kiwanda kinachorudia kazi ileile maelfu ya mara.

Miaka michache baadaye, mwindaji wa tembo W. D. M. Bell alianzia Mumias na kupita Elgon kuelekea Karamoja. Wenzake walibeba bunduki nene za tembo; yeye alipenda ile ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 hivi, takriban asilimia 80 ya uzito wa risasi ya .303 ya jeshi la Uingereza. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na aliziacha bunduki zilizomletea risasi za kusuasua. Wapinzani hujibu kwamba Karamoja ni mbuga wazi, na msituni Elgon, tembo akitokea hatua chache mbele yako, uzito ni uhai. Nakubali: kipenyo hufuata ardhi. Lakini hata bunduki nene haina faida ikiwa fataki imechelewa kuwaka. Linalonisumbua ni jingine: ulinganifu huohuo ulimwezesha Bell kuua tembo zaidi ya 1,000, na Kenya haikupiga marufuku uwindaji mpaka 1977.